Kentucky au Louisville? Ulinganisho kwa mchezaji wa kikapu anayehama chuo

Simu mbili zimepigwa usiku mmoja wa Aprili. Moja imetoka Lexington, nyingine Louisville, miji miwili ya jimbo moja la Marekani iliyoachana kilomita 130 hivi kwa barabara kuu ya I-64. Kijana amemaliza miaka miwili kwenye chuo kidogo, takwimu zake zinapendeza, jina lake limeingia kwenye orodha ya wanaotaka kuhama, na sasa vyuo viwili ambavyo mashabiki wake hawapikiki chungu kimoja vinamtaka. Kwenye kundi la familia shangazi anauliza: "Si yote ni Kentucky? Tofauti iko wapi?"

Shangazi hajakosea sana. Kwa mtu wa nje, Chuo Kikuu cha Kentucky na Chuo Kikuu cha Louisville ni kama Simba na Yanga kwa mgeni aliyeshuka jana Dar es Salaam: rangi mbili, kelele moja. Vyote viwili ni vyuo vya umma, viko kwenye ligi kubwa, vina ukumbi unaobeba watu zaidi ya 20,000, na viko katika jimbo lisilo na timu ya NBA wala ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa hiyo mchezaji wa chuo ndiye nyota wa mtaa. Ila kijana anayehama hanunui jezi ya kuvaa sokoni. Anatafuta mahali pa kucheza msimu mmoja au miwili iliyobaki, na hapo tofauti zinaanza kuonekana.

Nimechagua mahasimu hawa kwa sababu ulinganisho wao ni safi kuliko wa wengine wote. Majira ya machipuko ya 2024 vyote viwili vilibadili kocha, vyote viwili vikabaki na vyumba vya kubadilishia nguo vitupu, na vyote viwili vikajenga timu upya kwa wachezaji wa kuhamia. Halafu kuna Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyehamia Kentucky kutoka West Virginia mwanzoni mwa 2021. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa vyuo wa taifa zima, kwa wastani wa rebaundi 15.1 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) kila mchezo. Njia hii msemaji wa Kiswahili ameshaipita.

Kanuni, kwa kifupi

Zamani aliyehama alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2018 ukaanzishwa mfumo wa kielektroniki wa uhamisho, mwaka 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaruhusu kuhama mara moja bila adhabu, na mwaka 2024, baada ya mahakama kuingilia, kikomo cha idadi kikaondolewa: unaweza kuhama kila mwaka na kucheza papo hapo, mradi masomo yako yako sawa. Dirisha ndilo linalobana. Mwaka 2025 lilikuwa wazi siku 30, Machi 24 hadi Aprili 22, kisha likafupishwa hadi siku 15 baada ya fainali. Na ukishaingiza jina, chuo chako cha sasa kina haki ya kukufutia ufadhili muhula ukiisha. Wengi hawalijui hilo mpaka mlango wa nyuma umefungwa.

Mawe ya mizani

Nitapima kwa mambo sita: dakika za kucheza, kocha na mtindo wake, ligi, fedha na viza, masomo, na mji wenyewe. Uzito wake si sawa. Kwangu dakika na karatasi za viza ni mawe makubwa, mengine ni kokoto. Utani wa jadi nimeuweka mwisho kabisa, kwa makusudi.

Dakika za kucheza

Mchezo wa chuo ni dakika 40. Zidisha kwa watu watano, kocha ana dakika 200 za kugawa, na makocha wengi huzigawa kwa watu wanane au tisa tu. Tangu msimu wa 2025–26 kikosi kinaruhusiwa kuwa na watu 15. Maana yake katika timu yoyote kubwa kuna vijana sita hivi waliovaa vizuri, waliokaa vizuri, na wasioingia.

Kentucky ya Mark Pope ilianza 2024 bila mchezaji hata mmoja wa ufadhili aliyewahi kuifungia pointi, kwa kuwa John Calipari alikwenda Arkansas na kikosi kikatawanyika. Pope akaokota huku na huku: Lamont Butler kutoka San Diego State, Andrew Carr kutoka Wake Forest, Amari Williams kutoka Drexel, Koby Brea kutoka Dayton, Otega Oweh kutoka Oklahoma. Oweh alipanda kutoka wastani wa pointi 11 hadi 16. Baadaye majeraha yakamkuta Kerr Kriisa, yakamkuta Jaxson Robinson, yakamsumbua na Butler, na waliokuwa wakisubiri wakapata nafasi ambayo hakuna aliyewaahidi.

Louisville ya Pat Kelsey ilianzia chini zaidi. Timu ilitoka kwenye misimu miwili ya aibu, ushindi 4 kwa vipigo 28 kisha 8–24, na mwaka wa kwanza wa Kelsey ikamaliza 27–8. Chucky Hepburn, aliyekaa Wisconsin miaka mitatu na msimu wa mwisho huko akafunga wastani wa pointi 9 hivi, alikabidhiwa mpira na akavuka 16. Huku nako majeraha hayakuchelewa: Kasean Pryor aliumia goti na Koren Johnson bega, mapema mno.

Kwa hiyo kwa historia fupi ya makocha hawa wawili, mchezaji wa kuhamia anacheza kweli, kote kote. Tofauti ni nani unashindana naye. Lexington ina mvuto wa kale kwa vijana wanaotoka moja kwa moja sekondari, hasa wa jimboni. Mwaka 2025 waliingia Malachi Moreno na Jasper Johnson, wote watoto wa Kentucky, na mtoto wa nyumbani akikaa benchi uwanja mzima unauliza. Louisville nayo mwaka huohuo ilimpa usukani kijana wa mwaka wa kwanza, Mikel Brown Jr. Pointi gadi, yaani mpangaji wa mchezo, aliyekuwa akifikiria kuhamia huko ilimpasa alijue hilo kabla ya kupanga mizigo.

Swali la kumwuliza kocha si "nitaanza?" Atasema ndiyo, au atasema ushindani ni wa haki, na yote mawili hayana maana. Muulize: nani yuko mbele yangu kwenye nafasi yangu leo, na nani mwingine mnaongea naye wiki hii kwa nafasi hiyohiyo? Halafu nyamaza, usikilize anachukua muda gani kujibu.

Kocha na mtindo

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita. Makocha wote wawili walihama wakiwa wachezaji. Pope alitoka Washington akaja Kentucky mwaka 1993, akakaa nje msimu mzima kwa kanuni za wakati ule, kisha akawa nahodha wa timu iliyotwaa ubingwa wa taifa 1996. Kelsey alianza Wyoming akahamia Xavier. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuona msaliti kwa kuondoka ulikotoka.

Pope anapenda senta anayepitisha mpira. Mchezo huanzia kwa mrefu aliyesimama nje kidogo ya boksi, wenzake wanakata kuelekea kikapuni, wengine wanasubiri kwenye mstari wa pointi tatu. Amari Williams alicheza hivyo, akapata asisti, yaani pasi za kuzaa kikapu, zaidi ya tatu kwa mchezo, hesabu ambayo kwa senta si ya kawaida. Ukiwa mrefu mwenye macho na mikono laini, mfumo huu utakuonyesha kwa watu ambao usingewafikia. Ukiwa mrefu ambaye mpira ukimkaa mkononi sekunde mbili anaanza kutafuta pa kuutupa, utaonyeshwa pia, ila si kwa uzuri.

Kelsey anataka mbio. Timu yake hurusha mitupo mingi sana ya pointi tatu, hukimbia baada ya kila rebaundi, na senta wake kazi yake ni kuweka ukuta kwa ajili ya mwenzake, kukimbilia kikapuni na kumalizia juu. James Scott, aliyemfuata kutoka College of Charleston, alikuwa wa aina hiyo. Kutoka hukohuko akaja Reyne Smith, Mwaustralia mwenye mtupo wa mbali. Mrushaji aliyezoea kusubiri ruhusa atajisikia huru hapa. Anayependa kupunguza kasi na kucheza akiwa ameupa mgongo ubao, atachoka mapema.

Kuna kisa kinachonifurahisha. Pope alipoondoka BYU, chuo alichokuwa akifundisha, kwenda Kentucky, wachezaji wake wawili wa zamani, Noah Waterman na Aly Khalifa wa Misri, hawakumfuata. Walikwenda Louisville, kwa hasimu wake. Jaxson Robinson yeye alimfuata. Kocha mmoja, maamuzi tofauti, na sidhani kama kuna mtu aliyekosea.

Jambo la kukumbuka kwa pande zote mbili ni kwamba kocha naye anahama. Waliosajiliwa na Calipari hawakufikiri ataondoka baada ya miaka 15.

Ligi

Kentucky iko SEC, Louisville iko ACC tangu 2014. Kwa sasa SEC ni ngumu zaidi: mwaka 2025 ilipeleka timu 14 kwenye mashindano ya Machi ya NCAA, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na ligi yoyote, wakati ACC ilipeleka nne tu. Ukitaka kuona maana yake, angalia msimu huohuo wa 2024–25. Kentucky ilipata 10–8 ndani ya ligi, ikapangwa nafasi ya tatu kwenye kanda yake na kufika 16 bora. Louisville ilipata 18–2, ikafika fainali ya ligi dhidi ya Duke, lakini ikapangwa nafasi ya nane tu na kutolewa na Creighton mchezo wa kwanza. Mchezo huo, kwa kejeli ya ratiba, ulichezwa Rupp Arena, nyumbani kwa Kentucky.

Kwa hiyo SEC inakupa mechi kubwa kila wiki na maskauti kila ukumbi, pamoja na vipigo. ACC inakupa ushindi na takwimu, na jioni chache za Duke na North Carolina ambazo nchi nzima hutazama. Inakupa pia ndege: tangu Stanford na California waingie ACC mwaka 2024, kuna safari za pwani ya magharibi katikati ya muhula.

Na NBA? Mwaka 2025 Brea na Williams wa Kentucky walichaguliwa raundi ya pili. Hepburn wa Louisville hakuchaguliwa, akaanzia Toronto kwa mkataba wa pande mbili, ule wa kucheza kati ya timu ya NBA na timu yake ya ligi ndogo. Usijenge nyumba juu ya hilo. Tshiebwe alikuwa mchezaji bora wa taifa, kwenye jezi yenye mataji manane, na mwaka 2023 hakuchaguliwa na timu yoyote; aliingia kwa mkataba wa pande mbili na Indiana. NBA waliangalia urefu wake na miguu yake kwenye ulinzi. Jezi haikumwongezea sentimita hata moja.

Fedha na viza

Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na baada ya makubaliano ya mahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo, na kote kote mpira wa Kimarekani hukata pande kubwa. Mikataba ya nje ya dola 600 na zaidi lazima iripotiwe na kukaguliwa.

Kuhusu nani analipa zaidi kati ya hawa wawili, jibu la kweli liko kwenye karatasi utakayotumiwa wewe. Vyote vina wafadhili wenye mifuko mirefu. Kentucky ina jina linalouza jimbo zima, kuanzia mji mkubwa hadi vijiji vya milimani mashariki. Louisville ina soko la mji mkubwa na kampuni zake. Cha kusoma kwa makini ni vifungu: malipo yanaanza lini, yanasimama ukiumia au hayasimami, ukihama tena unarudisha nini, na wakala anakata asilimia ngapi. Fedha hizi zina kodi, na mara nyingi hakuna anayekukata mapema. Vijana wengi wamelijua hilo Aprili inayofuata, gari likiwa limeshanunuliwa.

Sasa viza, na hapa naomba mzazi aliye Mombasa, Goma au Kampala asome polepole.

Mchezaji aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, yaani F-1, haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na ndani ya chuo mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupiga tangazo la duka la magari Lexington kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Mzaha wa dakika tano mbele ya kamera unaweza kuharibu viza ya miaka minne. Tshiebwe alikuwa kwenye hali hiyo hasa: jina kubwa, ofa nyingi, viza ya mwanafunzi. Agosti 2022 Kentucky ilikwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, ndipo alipofanya kazi za mikataba yake. Kwa hiyo ofisi ya Kentucky imewahi kuubeba mzigo huu mbele ya macho ya nchi nzima. Louisville nayo imezoea wachezaji wa kutoka mbali: Gorgui Dieng wa Senegal alikuwa senta wa timu iliyotwaa taji la 2013, na kikosi cha kwanza cha Kelsey kilikuwa na Mwaustralia, Mmisri na Aboubacar Traore wa Côte d'Ivoire. Popote uendako, muulize mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, si kocha, nani atakayeshughulikia fomu yako mpya ya I-20, karatasi ya chuo inayoshikilia viza yako, kwa sababu ya chuo cha zamani haihami na wewe yenyewe. Kuhusu malipo, tafuta mwanasheria wa uhamiaji unayemlipa wewe. Anayelipwa na mfadhili wa timu anamtumikia mfadhili.

Kijana aliyefika Kentucky na familia yake kama mkimbizi, akiwa na kadi ya ukaazi au uraia, hana kikwazo hiki. Kwake fedha zinapimwa kama zinavyopimwa kwa Mmarekani yeyote. Wengi wa wasomaji wangu wako kundi hili, na bado huwa wanaogopa bure.

Masomo

Uhamisho unaweza kufia hapa wakati kila mtu anatazama kikapu. Mwaka 2023 Caleb Love aliondoka North Carolina, akatangaza kwenda Michigan, kisha safari ikakwama kwenye upokeaji wa masomo yake, akaishia Arizona. Alicheza vizuri huko, lakini wiki zile hakuna anayezitamani.

Kanuni ya NCAA ni hii: ukianza mwaka wa tatu uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada, wa nne 60, wa tano 80. Ni shahada ya chuo unachohamia, si ya ulikotoka. Kozi kumi zilizohesabika chuo kidogo zinaweza kuhesabika saba Lexington na nane Louisville, au kinyume chake, kutegemea unasoma nini. Omba tathmini ya maandishi kabla ya kusaini.

Kwa fani zenyewe, Kentucky ndicho chuo mama cha jimbo, kilianza 1865, na kina nguvu kwenye kilimo, afya na hata elimu ya farasi. Louisville ina chuo cha uhandisi cha Speed, udaktari, na programu ya utawala wa michezo ambayo kwa anayetaka kuwa kocha au meneja si ya kupuuzwa. Mwanafunzi wa kawaida hatapotea popote kati ya hivyo viwili.

Mji na watu

Lexington ni mji wa watu laki tatu na kidogo, umezungukwa na mashamba ya farasi, na chuo ndicho moyo wake. Mchezaji wa Kentucky hana pa kujificha. Atapigwa picha akinunua maziwa. Wachezaji huishi pamoja kwenye bweni lao, Wildcat Coal Lodge, hatua chache kutoka ukumbi wa mazoezi, na jimbo zima linajua walichokula. Wapo wanaochanua katika hali hiyo, wapo inayowabana kifua.

Louisville ni mara mbili yake, mji wa mto Ohio, mji alikozaliwa Muhammad Ali. Kuna mambo mengi ya kuzungumza zaidi ya kikapu, na siku timu imefungwa unaweza kutembea mtaa mzima bila kuulizwa. Ukumbi wao, KFC Yum! Center, ulifunguliwa 2010 na uko ukingoni mwa mto katikati ya mji, mbali na chuo.

Kiswahili utakisikia kote. Kentucky ni jimbo linalopokea wakimbizi wengi kwa ukubwa wake, na Wakongo wamejenga maisha Lexington na Louisville; kuna makanisa yanayoimba kwa Kiswahili Jumapili, kuna maduka yenye unga na dagaa. Louisville, kwa ukubwa wake, ina mchanganyiko mpana zaidi wa Wasomali, Warundi na Wanyarwanda. Usidharau hili. Mwezi wa Januari, baridi ikiwa imekaza na kocha hakusemeshi, sahani ya ugali kwa mama asiyejua hata umefunga pointi ngapi ni dawa.

Utani wa jadi

Mataji: Kentucky manane, la mwisho 2012. Louisville mawili yanayotambuliwa, 1980 na 1986, na la tatu la 2013 ambalo NCAA ililifuta mwaka 2018. Mashabiki wa Louisville watakuambia waliliona kwa macho yao. Kwa miongo mingi Kentucky ilikataa hata kupanga mechi nao, mpaka walipokutana Knoxville 1983 kwenye mashindano ya NCAA, Louisville ikashinda 80–68 kwa muda wa nyongeza, na kuanzia hapo mechi ikawa ya kila mwaka.

Mchezaji wa kuhamia anaweza kuwa shujaa kwa usiku mmoja tu wa mechi hiyo. Desemba 2024 Butler, hata mwaka hajamaliza Lexington, alirusha mara kumi akaingiza zote kumi, pointi 33, Kentucky ikashinda 93–85. Novemba 2025 zamu ikawa ya Louisville, 96–88.

Na ukivuka moja kwa moja kutoka upande mmoja kwenda wa pili? Marvin Stone alifanya hivyo, kutoka Kentucky kwenda Louisville, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akimkuta huko Rick Pitino, kocha aliyeipa Kentucky taji la 1996 na kisha, baada ya kupitia Boston, akaketi kwenye benchi la hasimu. Pitino aliitwa msaliti kwa miaka. Oktoba 2024 Pope alimwalika Rupp Arena, na umati uleule ukasimama kumpigia makofi. Waliomwona Clatous Chama akivuka kutoka Simba kwenda Yanga mwaka huohuo wanaelewa: kelele ni kali, lakini zina tarehe ya kwisha.

Kwa hali yako

Kama una msimu mmoja tu umebaki na unataka kuonekana na maskauti, na una uhakika wa dakika 25, ugumu wa SEC unakufaa, Kentucky. Kama uhakika huo haupo na Louisville wanakupa mpira mkononi, nenda ukafunge, Hepburn hakujuta.

Kama ni senta, amua kwanza wewe ni wa aina gani. Mpitishaji, Pope. Mkimbiaji na mmaliziaji, Kelsey. Kama ni mrushaji wa mbali, makocha wote wawili watakupenda, kwa hiyo angalia idadi ya warushaji waliokwishasaini kabla yako.

Kama una misimu miwili au mitatu mbele, weka masomo juu. Anayetaka uhandisi au utawala wa michezo aanzie Louisville, anayetaka kilimo au fani za afya aanzie Lexington, na wote wawili wasubiri tathmini ya kozi kwa maandishi.

Kama wewe ni mtu wa aibu, au umetoka kwenye mwaka mgumu wa majeraha au msiba, mji mkubwa utakuficha vizuri zaidi. Kama unakua ukipigiwa kelele, hakuna mahali Marekani pa kulinganisha na Lexington mwezi wa Februari.

Kama familia yako tayari iko Louisville, ukichagua Lexington jiandae kwa Krismasi yenye maneno. Kinyume chake pia.

Na kama una viza ya F-1, kabla ya kumpigia simu kocha yeyote kati yao, mpigie afisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo ulichopo sasa. Muulize rekodi yako inahamishwa lini, na usiingize jina kwenye orodha ya uhamisho kabla hajakujibu.